Miwani Laini na Kochi Lisilokuwepo

Leo nimejiaibisha mbele ya watu ishirini na wawili, na mmoja wao ni baba yangu mzazi.

Naandika haya nikiwa nimelala kifudifudi. Sijaumia. Ni aibu tu. Nikilala hivi siuoni mlango, kwa hiyo hata mtu akichungulia sitajua ni nani anayecheka.

Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine (maana mji wetu wa Same ni mdogo, na upepo wake unabeba kila kitu).

Kwa wasionifahamu: naitwa Namkunda, fundi makochi. Karakana yangu iko kando ya barabara kuu, pale ambapo vumbi lote la wilaya hukutana kujadiliana. Kazi nilifundishwa na baba. Yeye ametengeneza makochi kule Bombo, milimani, tangu sijazaliwa, mpaka mgongo ulipomwambia basi. Mimi nikashuka mjini nikaendeleza. Ila siku hizi kazi imepungua. Watu wanaagiza makochi yaliyokwisha kutengenezwa, yanafika na lori yamefungwa nailoni, yanang'aa kama harusi. Baada ya mwaka yanachanika, ndipo wananikumbuka. (Nawapenda. Ndio wanaonilisha.) Lakini fundi wa viraka tu, ikifika mahali, naye anajiona kiraka. Mwaka huu nimewaza si mara moja kufunga karakana nirudi Bombo nikalime.

Basi wiki tatu zilizopita akaja Mwalimu Elirehema. Anafundisha umeme kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa hapa mjini. Kijana mpole sana, yule anayeomba radhi hata akimkanyaga kuku. Mkononi ana boksi jeupe.

"Dada Namkunda, shikamoo. Hiki unaweza kukishona?"

(Shikamoo! Tumepishana miaka sita. Nikaitikia tu, ningefanyaje.)

Akatoa dude jeupe lenye mikanda. Miwani ya VR. Kwa ambao hamjaiona: ni kama miwani ya mchomeleaji, lakini imeziba kabisa. Ukivaa huoni ulipo, unaona mahali pengine, na ukigeuza kichwa, na huko pengine kunageuka. Chuo kimepewa kumi na mbili na wafadhili. Wanafunzi wa umeme wanapandia nguzo humo ndani. Wanaunganisha nyaya, wanakosea, wanapigwa shoti, wanakufa, halafu wanavua na kwenda kunywa chai.

"Sasa shida ni nini?" nikauliza.

"Zinaumiza, dada. Dakika kumi tu, mtu ana mistari usoni kama ameamkia mkeka."

Nikaijaribu. Dakika ya saba nikavua. Uzito wote uko mbele, unavuta shingo kama umebeba ndoo kwa paji la uso. Sponji yake nyembamba, ngumu. Jasho linajaa mpaka vioo vinaingia ukungu (na mnalijua joto letu la Same). Pale kwenye pua, aliyeitengeneza alipima pua za kwao. Hizi zetu ama zinabanwa, ama mwanga unaingia kwa chini. Na wasichana waliosuka ndiyo kabisa, mkanda hauna pa kukaa.

"Wanafunzi wameanza kuzikwepa," Mwalimu akasema kwa huzuni. "Madam Mkuu amesema kama hazivaliki atazifungia stoo."

Nikaibonyeza ile sponji kwa kidole gumba. Nikasema yale maneno ambayo mafundi hatujifunzi kuyaacha.

"Hii kazi ndogo."

Haikuwa kazi ndogo.

Mara ya kwanza niliweka sponji ya kochi, nene, laini kama mkate wa jana. Raha tupu! Ila macho yakawa mbali na vioo, dunia nzima nikaiona huko mwisho, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mara ya pili nikaweka nyembamba, nikaibandika kwa gundi kali ya viatu. Mwalimu Elirehema akaivaa, machozi yakaanza kumtiririka.

"Ni nzuri," akasema, huku analia. "Ni nzuri sana, dada."

(Niliwaambia ni mpole.)

Mara ya tatu nikatulia. Nikaweka sponji mbili, ngumu chini, laini juu. Gundi nikaachana nayo. Nikashona kifuniko cha pamba kutoka kwenye shuka kuukuu, kinachoshikwa na ule utepe wa kunata, ili kila mwanafunzi awe na cha kwake, akitoa jasho akavue akafue. Kwenye pua nikaweka mbawa mbili za kitambaa cheusi zinazojikunja kufuata pua yoyote. Nilizijaribia pua za mtaa mzima, mpaka ya mwenye bucha, na ile si pua ya mchezo. Mkanda nikaushona upya, mpana, unaogawanyika mara mbili kisogoni na kuacha nafasi ya kupitisha rasta. Na nyuma kabisa nikatia kifuko chenye pawabenki. Inaongeza chaji, na uzito wake unavuta kwa nyuma. Mbele na nyuma vikasalimiana.

Nikaivaa karakanani saa nzima. Nikavua, nikakimbilia kioo. Uso msafi! Nilipiga kigelegele peke yangu mpaka dereva wa lori akasimama kuuliza nani kaolewa.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuionyesha. Madam Mkuu aliwaita walimu, wanafunzi kadhaa na wazee watatu wa bodi. Wakiridhika, nitatengeneza zote kumi na mbili, na kila Alhamisi niwafundishe wanafunzi kazi ya sponji na kushona. Alhamisi! Mimi, mwalimu! Jana sikulala vizuri kwa ajili hiyo.

Baba naye alishuka jana kutoka Bombo kunitembelea. Asubuhi akawa ananitazama ninavyofunga vitu vyangu.

"Kumbe unaenda kushonea watu miwani."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilikufundisha makochi."

"Hili nalo ni kochi, baba. Kochi la uso."

Akafikiri. Akanywa chai. Akafikiri tena.

"Uso haukai," akasema.

(Hoja za baba yangu hazijibiki kabla ya saa tatu asubuhi.)

Lakini akavaa koti lake la kanisani, akanifuata.

Tulifika chuoni ukumbi ukiwa mtupu. Mwalimu Elirehema akaitayarisha miwani. Ina akili kidogo ile. Unaichorea mstari wa mpaka sakafuni, na ukiukaribia inakuonyesha ukuta wa mistari ya bluu ili usigonge kitu. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa mtupu, akachora mpaka mkubwa, karibu sakafu yote.

"Eneo lote hili ni lako, dada. Tembea utakavyo."

Akaunganisha pia projekta, ili ninachokiona mimi ndani ya miwani watu wakione ukutani.

Saa tano na nusu watu wakajaa. Nikasimama katikati. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kitenge la njano, lile la Pasaka. Nikaeleza sponji. Nikaeleza pua (wazee wa bodi wakajishika za kwao). Nikaivaa miwani, nikaendelea kueleza nikiwa nimeivaa, ili waone haina taabu.

Ukiivaa tu, kabla hujafungua somo la nguzo, unajikuta kwenye sebule. Sebule ya watu wenye nafasi. Dirisha kubwa, zulia, taa, na kochi.

Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Naongea, najibu maswali, natembea. Shingo haiumi, uso hauwashi, upepo unapita. Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Miwani ile zamani ilikuwa inauma, na yale maumivu yalikuwa na kazi yake. Kila sekunde yalikukumbusha una dude usoni. Mimi nimeyaondoa yote kwa mikono yangu. Sikubakiza chochote cha kuniambia kwamba bado niko Same.

Nikasahau. Jamani, nilisahau kabisa.

Nikalisogelea lile kochi. Mnisamehe, mimi nikiona kochi siwezi kupita. Nikainama nikalikagua.

"Mnaona mkono huu wa kulia?" nikawauliza. "Mshono umepinda. Huyu fundi alikuwa anawahi mpira."

Ukumbi ukacheka. Nikasikia hata Madam Mkuu anacheka. Kichwa kikavimba.

Wakati huo (hili nilikuja kuambiwa baadaye) mpishi wa chuo, Mama Upendo, aliingia na chakula cha wageni. Makande, yale mahindi na maharage ya nazi. Sufuria pana, lile la shughuli, limebebwa na watu wawili. Meza ilikuwa imejaa miwani kumi na moja na maua ya plastiki. Kwa hiyo wakaliweka juu ya kigoda, hatua chache kutoka kwangu, upande ule ule nilioliona lile kochi. Mama Upendo akafunua kifuniko ili yapoe. Mpaka wa bluu wa Mwalimu haukujua lolote, ulichorwa kabla makande hayajafika.

Mzee mmoja wa bodi akauliza, "Fundi, kweli shingo haichoki?"

"Shingo?" nikasema. "Mzee wangu, mimi hapa naweza kukaa kutwa."

Na nikageuka, nikaliweka lile kochi nyuma yangu. Nikaanza kurudi taratibu.

Mama Upendo akapiga kelele.

"Fundi! Nyuma! Nyuma!"

Sasa ninyi hukumuni. Mtu akikwambia "nyuma" anataka uangalie nyuma, au urudi nyuma? Mimi nilijua wanaona kochi kule ukutani. Nikaona huyu mama mwema ananielekeza. Nikarudi hatua moja.

"Nyuma, fundi! Nyumaaa!" Sasa ni ukumbi mzima.

"Asanteni," nikasema. Nikarudi hatua nyingine.

Nikakusanya gauni langu kwa adabu, kama bibi harusi. Nikakaa.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba nimeshuka kuliko nilivyotegemea. Nikasema moyoni, hili kochi sponji yake imekwisha. Halafu likaja joto. Si la kuunguza, Mungu mkubwa, makande yalikuwa yameshakuwa ya uvuguvugu. Joto la kupendeza, kwa kweli. Nikawaza: hawa watu wamefika mbali! Picha mpaka na joto lake!

Kwa hiyo, mbele ya chuo kizima, nikatangaza:

"Jamani, hili kochi lina joto!"



Halafu sauti ya Mama Upendo, nyembamba, ya mtu aliyefiwa:

"Madam. Kakalia makande."

Ndipo unyevu ukafika.

Ukumbi ulipasuka! Kuna mtu alianguka na kiti chake, nilimsikia. Baba yangu akatamka neno la Chasu, lugha yetu ya milimani, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu wengine mna watoto. Nikajaribu kuinuka. Sikuinuka. Lile sufuria lilinipokea kama lilipimwa na fundi. Mwalimu Elirehema akanishika mkono mmoja, mwalimu mwenzake mkono mwingine, wakavuta. Nikainuka, na sufuria likainuka na mimi. Wakashusha. Wakavuta tena. Mama Upendo akalishikilia sufuria kwa chini, analia, "Nimeyaamkia saa kumi! Saa kumi alfajiri!" Mara ya tatu nikachomoka kwa mlio ambao nao sitauandika.

Nikasimama. Maharage yanadondoka moja moja. Na miwani bado iko usoni! Sikutaka kuivua. Kule ndani sebule ilikuwa imetulia, dirisha lake kubwa, hakuna anayecheka. Nilitamani kuhamia.

Halafu nikahisi vidole kichwani kwangu. Vinene, vigumu, vyenye makovu ya sindano ya kushonea makochi. Vidole vya baba.

Akavuta mkanda kulia. Akavuta kushoto. Akabonyeza sponji pembeni ya jicho kwa kidole gumba. Kicheko kikaanza kupungua, watu wanashangaa huyu mzee anafanya nini.

"Umeanguka nayo?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Wamekuvuta mara tatu, nayo unayo?"

"Ndiyo, baba."

"Haikusogea."

"Haikusogea, baba."

Akageukia ukumbi. Baba yangu si msemaji, hata kanisani hukaa nyuma karibu na mlango. Leo alipaza sauti kama anatangaza mnada:

"Mshono haujafunguka hata mmoja! Hata mmoja!"

Akanivua miwani mwenyewe, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga.

"Uso hauna alama," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Alama ziko huko kwingine."

Nilicheka. Nililia na nikacheka. Mama Upendo akavua kanga yake moja akanifunga kiunoni, bado ananuna, lakini alinifunga vizuri, kama mama.

Tukiwa kwenye hekaheka za kupangusa sakafu, msichana mmoja wa mwaka wa pili, kasuka rasta ndefu, akaiomba miwani. Akapitisha rasta zake kwenye ule mwanya wa mkanda. Akafungua somo la nguzo. Sote tukawa tunatazama ukutani anavyopanda, anafunga waya, anashuka, anahamia nguzo ya pili. Sakafu ikakauka. Wazee wa bodi wakaletewa chapati na chai kutoka mgahawani. Dakika arobaini. Madam Mkuu akamgusa bega.

"Vua sasa, binti."

"Madam, bado nguzo moja tu."

"Huumii?"

"Kuumia nini, Madam?"

Madam Mkuu akanigeukia. Niko pale, nimefungwa kanga, nanukia maharage na nazi. Akajitahidi kukaza uso. Alijitahidi kweli, namshukuru.

"Fundi, Alhamisi hii unaweza kuanza?"

"Naweza, Madam."

"Hizi kumi na moja zichukue leo leo." Akaitazama ile kanga. "Darasa lako tutakupa mbali na jiko."

Tukarudi kwa miguu, mimi na baba, tumebeba boksi mbili. Nilishangaa njia nzima watu wa nyuma yangu wanacheka. Habari imeshafika? Mapema hivi? Nilipofika karakanani na kuifungua ile kanga ya Mama Upendo ndipo nikasoma maandishi yake. Herufi kubwa, na yalikaa pale pale hasa: UMEYATAKA MWENYEWE.

Baba alivua koti lake la kanisani, akalitundika. Akavuta boksi, akatoa miwani moja, akaibonyeza sponji yake ngumu, akasonya.

"Nilikuwa niondoke kesho," akasema, macho kwenye miwani. "Lakini kumi na moja ni nyingi kwa mikono miwili. Sindano kubwa unaweka wapi?"

Sasa hivi namsikia kule karakanani anakata vitambaa. Anaimba. Mara anaacha kuimba, halafu anacheka peke yake mpaka anakohoa. Najua anacheka nini. Nimemwachia, ni baba.

Ninyi wengine sina wa kumwachia. Mkinikuta mjini niulizeni habari za kazi, nitawajibu kwa furaha. Ila atakayeniuliza habari za makande, siku akileta kochi lake nitamgongelea misumari yote iangalie juu.